Uvimbe Kinywani mwa Kondoo: Jicho Peke Yake Halitoshi

Nchi ya Kuresoi iko juu, katika mabega ya milima ya Mau, upande wa magharibi wa Nakuru. Sehemu zake nyingi hupita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hutanda juu ya mashamba ya viazi, njegere na pareto, na mtu hatoki nyumbani bila koti. Baridi hiyo, imchukizayo mgeni, humpendeza kondoo. Kutoka Mau Summit mpaka Keringet na Olenguruone, ni nadra kupita boma lisilo na kondoo wachache, na nyama ya mwana-kondoo wa Molo, mji ulio jirani, ina sifa hata mezani mwa watu wa Nairobi.

Kwa watu wa huko, kondoo ni akiba ya nyumba. Ng'ombe hutoa maziwa ya kila siku, na viazi hungoja bei ya soko. Lakini karo ya mtoto ikitakiwa kwa ghafula, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, kondoo ndiye auzwaye. Kwa hiyo ugonjwa wa kondoo mmoja si jambo dogo, na uamuzi mbaya juu ya ugonjwa huo waweza kumharibia mwenye mifugo mambo ya mwaka mzima.

Na ichukuliwe kwa mfano habari ya mama mfugaji akaaye karibu na Keringet, mwenye kondoo 12. Jike lake bora, lizaalo mapacha karibu kila mara, lina mimba ya miezi mitatu. Siku moja, akilishika ili kulinywesha dawa, mkono wake unagusa uvimbe mgumu chini ya shavu la kushoto, katika taya la chini. Anawaita majirani watatu. Wa kwanza anasema, "Hilo ni jipu, leteni wembe tulipasue." Wa pili anasema, "Hiyo ni saratani. Mpeleke sokoni kabla watu hawajaona." Wa tatu anasema, "Ni minyoo tu. Mpe dawa ya minyoo tena, kisha mara ya pili."

Kila mmoja wa majirani hao alisema neno ambalo lingaliweza kuwa kweli kwa kondoo fulani. Lakini hakuna hata mmoja aliyemfungua kondoo huyo kinywa akatazama ndani. Hapo ndipo penye kosa.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Kinywa na taya za kondoo huweza kuvimba kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo si saratani. Katika kondoo, uvimbe wa saratani wa kinywani ni nadra, hali magonjwa yanayofanana nao ni ya kila siku. Mfugaji akiyajua hayo mengine, amekwisha fanya nusu ya kazi.

La kwanza ni uvimbe wa maji chini ya taya. Huu ni laini. Ukiubonyeza kwa kidole, shimo hubaki kwa muda kabla ya kujaa tena. Mara nyingi huwa mkubwa jioni, baada ya kondoo kushinda ameinamisha kichwa malishoni, na hupungua asubuhi. Hautoki kinywani hata kidogo. Hutokana na upungufu wa damu uletwao na minyoo wanyonyao damu tumboni, au na minyoo bapa wakaao katika ini, ambao hupatikana penye majani ya mabondeni na kando ya vijito. Ukifunua kope la chini la kondoo wa namna hiyo, utaona ndani ni peupe badala ya kuwa pekundu. Wataalamu wa Afrika Kusini walibuni kadi yenye rangi tano ili mfugaji alinganishe rangi ya kope na kujua ni kondoo gani ahitajiye dawa.

La pili ni upele wa midomo wa kuambukiza, uletwao na virusi. Huwapata hasa wana-kondoo. Magamba meusi hutokea pembeni mwa midomo na juu ya pua, na pengine kwenye chuchu za mama anyonyeshaye. Kwa kawaida hupona wenyewe kwa muda wa mwezi mmoja hivi au zaidi kidogo. Lakini mara nyingine ugonjwa huu huingia ndani, ukaotesha juu ya fizi vinyama vyekundu vyenye umbo la koliflawa, na mtu asiyejua huapa kwamba ni saratani. Tena ugonjwa huu humwambukiza binadamu. Amshikaye kondoo mgonjwa kwa mikono mitupu huweza kupata kidonda kikubwa cha kidole. Magamba yaliyoanguka zizini hukaa na virusi vyake muda mrefu mahali pakavu.

La tatu ni majipu. Jino la kusagia likioza mzizi, usaha hujikusanya ndani ya taya, na mfupa huvimba na kuwa mgumu. Kuna vijidudu vingine viingiavyo kwa michubuko ya miiba na majani makali, vikaleta vivimbe vya usaha mzito katika midomo na mashavu; katika ng'ombe vijidudu hivyo huufanya ulimi kuwa mgumu kama ubao. Tena kuna ugonjwa wa tezi, ambao hujaza tezi za chini ya sikio na za shingo usaha mzito kama jibini. Huu huenezwa sana kwa majeraha ya kukatia manyoya, na anayepasua jipu la namna hii katikati ya zizi hupanda ugonjwa kwa kundi zima.

La nne ni jambo la kuchekesha, lakini limewadanganya wengi: kondoo mzee aliyepoteza magego hukusanya nyasi zilizotafunwa nusu kati ya shavu na ufizi. Kwa nje huonekana kama uvimbe mkubwa. Ukimfungua kinywa na kuzitoa nyasi, uvimbe umekwisha.

Baada ya hayo ndipo huja uvimbe wa nyama wenyewe. Huu nao una namna zake. Kuna vinyama na chunjua zisizo na hatari, ziotazo juu ya ngozi au fizi na kukaa mahali pamoja. Kuna uvimbe wa mfupa ukuao polepole. Na kuna saratani za kweli, ambazo hula nyama iliyo karibu, hulegeza meno, huingia katika mfupa wa taya, na pengine hupeleka mbegu zake katika tezi na mapafu.

DAKTARI ATAZAMAYO

Mama wa Keringet anakataa wembe, anakataa soko, na kumwita afisa wa mifugo. Afisa huyo hakimbilii kulishika jike. Kwanza anauliza.

"Mama, kondoo huyu anakula vipi?"

"Anakula, Daktari, lakini polepole, na majani mengine humwanguka mdomoni."

"Tangu lini?"

"Uvimbe nimeugusa juma lililopita. Lakini kuangusha majani kulianza tangu tulipopanda viazi."

"Je, kuna wengine wenye vidonda midomoni? Kuna wachechemeao? Kuna wanaoharisha?"

"Hakuna, Daktari. Ni yeye peke yake."

Maswali hayo si maneno ya adabu tu. Ikiwa kondoo wengi wameugua kwa siku chache, wakiwa na homa, mate yakiwatiririka, na vidonda kinywani, jambo hilo haliwi saratani. Huenda likawa ugonjwa wa miguu na midomo, au sotoka ya mbuzi na kondoo iliyoingia Kenya kupitia Turkana mwaka 2006, au ugonjwa wa ulimi wa buluu. Magonjwa makuu ya kuambukiza kama hayo yapasa kuarifiwa, kufuatana na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Sura ya 364, na mwenye mifugo hana ruhusa ya kunyamaza. Lakini kondoo mmoja, tena mzima, mwenye uvimbe uliokua pole kwa miezi, huelekeza mawazo kwenye jino, mfupa, au uvimbe wa nyama.

Kisha afisa anavaa glavu. Anapapasa taya zote mbili kwa pamoja, moja kwa kila mkono, maana uvimbe mdogo haujulikani ila kwa kulinganisha pande mbili. Anapapasa tezi chini ya masikio. Anafunua kope na kuona rangi njema. Basi si minyoo. Anabonyeza uvimbe, na kidole hakiachi shimo. Basi si maji. Ndipo anamketisha kondoo juu ya matako, anamfungua kinywa kwa chombo maalumu, na kumulika kwa tochi.

Hapo kuna onyo kwa wafugaji wote. Kondoo hana meno ya mbele katika taya la juu, ana ufizi mgumu tu, na kwa hiyo watu hudhani kinywa chake hakina hatari. Lakini nyuma ana magego 24 yenye makali kama patasi. Kidole kikiingia katikati yake hakitoki salama. Mfugaji asijaribu kupapasa magego kutoka ndani. Na ayapapase kwa nje, juu ya shavu.

Afisa anatazama meno ya mbele ili kujua umri. Kondoo mwenye meno makubwa mawili ana mwaka mmoja na kitu. Mwenye manne ana miaka kama miwili. Mwenye manane yote amekwisha pita miaka mitatu. Jike hili lina manane. Halafu anatazama nyuma, na kuona kwamba magego mawili ya kushoto yamelegea, na kando yake ufizi umeinuka, mwekundu, wenye kutoa damu ukiguswa. Hakuna usaha. Harufu ni mbaya kidogo.

"Daktari, ni saratani?" anauliza mama.

"Mama, naweza kukisia. Lakini kukisia si kujua. Jipu la mzizi wa jino hulegeza meno vivyo hivyo. Tutachukua kipande kidogo, na maabara ndiyo itakayosema."

KIPANDE KIDOGO CHA NYAMA

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hata daktari mwenye miaka mingi kazini hawezi kulitaja jina la uvimbe kwa kuutazama. Sababu ni kwamba tofauti iko ndani, katika umbo na mpango wa chembe za nyama, na chembe hizo hazionekani ila kwa darubini ya maabara.

Kwanza daktari huweza kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kuvuta. Ikija usaha, shauri limekaribia kwisha: usaha huwekwa katika chupa safi, hupelekwa penye ubaridi, na maabara huotesha vijidudu ili kujua ni dawa gani iviuayo. Isipokuja usaha, humpa kondoo dawa ya ganzi na kukata kipande kidogo. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyeandikishwa, si ya jirani mwenye wembe. Kipande hukatwa mahali ambapo nyama mbovu inapakana na nyama nzima, maana katikati ya uvimbe mara nyingi kumekufa na kuoza, na nyama iliyooza haitoi ushahidi.

Kipande hicho hakipasi kuzidi unene wa sentimita 1, ili dawa ipate kupenya. Hutiwa mara moja katika fomalini, na fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kisigandishwe kwa barafu, kwa sababu barafu hupasua chembe. Juu ya chupa huandikwa alama ya kondoo, umri, mahali uvimbe ulipo, tarehe na muda wa ugonjwa. Chupa isiyo na maandishi ni kama shahidi bubu.

Kutoka Kuresoi, chupa huweza kupelekwa katika maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iliyoko Nakuru, au ikafika hata Kabete, iliko maabara kuu ya mifugo. Huko nyama hukaushwa maji, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya kiasi cha sehemu tatu hadi tano za elfu moja za milimita. Hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi, na mtaalamu huvitazama. Katika jipu ataona askari wa damu waliojaa kupigana na vijidudu. Katika upele wa midomo ataona ngozi iliyovimba na dalili za virusi. Katika saratani ataona chembe zilizoasi: kubwa na ndogo, zenye kugawanyika ovyo, zikiingia mahali pasipo pao. Pengine picha ya eksirei huongezwa ili kuona kiasi gani cha mfupa kimeliwa.

KANGAGA ZA MAU

Watu wa Mau wanayo sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Miaka mingi iliyopita milima hiyo ilijulikana kwa wataalamu wa saratani ya wanyama. Daktari Walter Plowright, yule aliyepata sifa kwa chanjo ya sotoka ya ng'ombe, aliandika mwaka 1955 juu ya saratani za umio na tumbo la kwanza katika ng'ombe wa Kenya. Mwaka 1971, pamoja na Linsell na Peers, alieleza habari za bonde la Nasampolai, upande wa Narok wa milima ya Mau, ambako saratani ya tumbo la kwanza ilionekana kwa wingi usio wa kawaida katika ng'ombe wa Wamasai.

Wakati huo huo mmea mmoja ulikuwa ukishukiwa katika nchi nyingi: kangaga ya nyikani, yenye majani yaliyochanjwachanjwa kama unyoya, iotayo kwa wingi mahali msitu ulipokatwa au kuchomwa. Huko Scotland, Jarrett na wenzake walieleza mwaka 1978 kwamba katika ng'ombe wa milimani kangaga na virusi vya chunjua huelekea kushirikiana kuleta saratani ya njia ya chakula. Mwaka 1983 wanasayansi wa Japani waliitenga sumu ya kangaga iletayo saratani. Baadaye ilionekana kwamba sumu hiyo huweza kuingia hata katika maziwa.

Habari ya kondoo ilitoka Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Wachunguzi McCrea na Head walieleza mwaka 1978 juu ya uvimbe wa saratani katika kondoo wa mashamba ya nyika za huko. Mwaka 1981 wakaeleza matokeo ya kuwalisha kondoo kangaga kwa muda mrefu: miongoni mwao ulionekana uvimbe wa kibofu na wa taya. Huo wa taya ni saratani itokanayo na nyuzinyuzi zishikanishazo nyama na mfupa.

Hayo hayamaanishi kwamba kila uvimbe wa Kuresoi umeletwa na kangaga. Lakini mmea huo umejaa kando ya msitu wa Mau, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kondoo hawaipendi kangaga; huila njaa ikiwabana, wakati wa kiangazi, au vichipukizi vichanga vikitokeza kabla ya nyasi baada ya moto. Vichipukizi hivyo ndivyo vyenye sumu zaidi. Basi mfugaji asiwaachie kondoo mahali palipoungua mpaka nyasi zimeota. Asitandike kangaga zizini. Na aweke akiba ya nyasi kavu kwa kiangazi. Kuimaliza kangaga kwahitaji subira, kwa kuwa mizizi yake ina akiba ya chakula chini ya ardhi: ikatwe ikiwa changa, mara mbili au tatu kwa mwaka, mwaka hata mwaka, mpaka mizizi ichoke. Mahali pafaapo kulimwa, jembe na nyasi za kupandwa huishinda upesi zaidi.

JIBU LINAPORUDI

Tuseme jibu la maabara kwa mama wa Keringet ni hili: saratani ya nyuzinyuzi, katika taya la chini. Ni habari mbaya. Katika kondoo uvimbe wa namna hii hauna dawa ya maana. Kuukata wote kwenye taya ni kazi ngumu, na mara nyingi hurudi. Lakini sasa mama anajua afanye nini.

Anajua kwamba ugonjwa huo hauambukizi, na kondoo wake 11 hawana haja ya kutengwa wala kuuzwa kwa hofu. Anajua kwamba dawa za minyoo na sindano za usaha zingalikuwa fedha zilizotupwa. Anajua kwamba jike hilo bado laweza kula majani laini na viazi vilivyokatwakatwa, na afisa amemwambia alichunge kwa karibu. Likiendelea kula na kutembea bila mateso, huenda likafikia kuzaa, maana mimba ya kondoo ni miezi mitano, na miezi mitatu imekwisha pita. Likishindwa kula kabla ya hapo, si haki kuliacha life njaa. Lichinjwe, na nyama isiliwe kabla ya kupimwa na mkaguzi wa nyama. Na tena anajua kwamba ile pembe ya malisho iliyo karibu na msitu, ambako kangaga hufika kiunoni, yahitaji boma mwaka huu.

Lau kama jibu lingalikuwa jipu la jino, gego lingaling'olewa, dawa ikatolewa, na jike likapona. Kama lingalikuwa upele wa midomo, wagonjwa wangalitengwa na watoto wakakatazwa kuwashika. Ni uvimbe ule ule mmoja kwa macho, na njia tatu mbalimbali. Ambaye angalifuata shauri la wembe au la soko angalichagua njia akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo kila mfugaji wa kondoo, awe wa Kuresoi au wa kwingineko, na ajizoeze jambo dogo. Mara moja kwa mwezi, apitishe mkono juu ya mashavu na taya za kila kondoo, pande zote mbili, afunue midomo na kope, na kuwaangalia wanavyocheua. Akikuta uvimbe, aandike tarehe na ukubwa wake, amtenge kondoo, anawe mikono, na kumwita mtaalamu mapema. Asipasue, asichome kwa chuma cha moto, wala asimpelekee jirani mashaka yake sokoni.

Kondoo hawezi kusema panapomuuma. Huangusha majani mdomoni, hubaki nyuma ya wenzake, hukonda. Mama wa Keringet aliyaona majani yaliyoanguka tangu wakati wa kupanda viazi, asijue kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza. Safari nyingine atajua.